Manyani Wawili wa Janibu

Usiku umekuwa mkubwa katika nyumba ya gavana wa Janibu. Mgeni wake, Ikibali, amejilaza lakini usingizi haumjii. Ametumwa na Mfalme Rai wa Ughaibu kufuatilia kodi iliyochelewa, na tangu afike amekirimiwa vizuri. Mwenyeji wake, Adili, ni mtu mpole ambaye sifa zake zimejaa mjini. Lakini mpole huyo anaamka watu wakiwa wamelala, anashika mjeledi, anaingia katika chumba cha manyani wawili na kuwachapa mpaka mkono unachoka. Akishamaliza anawafuta machozi, anawalisha chakula kizuri, anawabembeleza, na yeye mwenyewe analia. Ikibali anachungulia yote hayo, kisha anarudi kitandani akiwa na jambo la kumweleza mfalme.

Mtoto akifika hapo hakiweki kitabu chini. Anataka kujua manyani hao ni nani, wamekosa nini, na kwa nini mtu mwema awatese viumbe anaowapenda. *Adili na Nduguze* kilitolewa na Macmillan mwaka 1952. Ni kitabu chembamba, na kimepita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Mwandishi wake, Shaaban Robert, alizaliwa Januari 1, 1909, Vibambani, karibu na Tanga, na akafariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Tanganyika kupata uhuru.

Shida ni jinsi kitabu hiki kinavyomfikia msomaji. Wengi hukipata kupitia swali la mtihani: taja wahusika, eleza dhamira, toa mafunzo matatu. Majibu yanajulikana kabla kitabu hakijafunguliwa, kwa sababu mwandishi ameyaweka kwenye majina. Adili ni mwadilifu. Nduguze, Hasidi na Mwivu, ni hivyo walivyoitwa. Mwanafunzi anaandika kwamba wivu ni mbaya na msamaha ni mzuri, anapata alama zake, anasahau. Kile chumba cha manyani, ambacho ndicho roho ya hadithi, kinabaki bila mtu wa kukifungua.

Kipo kitu cha kufanya. Kitabu hiki kina majirani zake: ngano ya kale iliyokizaa, maisha ya mwandishi aliyoyaandika kwa mkono wake, barua alizomtumia ndugu yake kwa miaka mingi, na kwa msomaji wa Rukwa, simulizi za Ufipa zenyewe. Vikisomwa pamoja, hata msomaji wa darasa la sita ataona mambo ambayo kijitabu cha uchambuzi hakiyagusi.

Tuchukue mfano wa msomaji wa Majengo, mjini Sumbawanga, mkoani Rukwa. Mji huu uko juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai upepo wa nyanda za Ufipa humfanya mtoto asome amejifunika blanketi. Bahari ya Hindi iko mbali. Kwenda Dar es Salaam kwa barabara, kupitia Tunduma na Mbeya, ni zaidi ya kilomita 1,100. Lakini hadithi ya Adili imejaa maji. Watu wanasafiri kwa chombo, wanatia nanga kutafuta maji ya kunywa, wanatupana baharini. Je, mtoto wa bara ataipata wapi picha hiyo? Ataipata upande wa magharibi, kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470 na ambalo linavukwa na watu wa Kasanga na Kirando kama wa Pangani wanavyovuka bahari. Meli ya MV Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na kupita katika vita kuu ya kwanza, imewabeba babu na bibi wa watoto hao ziwani humo. Mtu aliyekulia kwenye masimulizi ya Liemba hahitaji kuelezwa maana ya kuachwa majini usiku.

Mjini Sumbawanga pia ipo maktaba ya mkoa, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, chombo kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963. Si kila kitabu kitakachotajwa hapa kitakutwa kwenye rafu zake, lakini mkutubi anayejua kazi yake akiulizwa, mlango wa kwanza huwa umeshafunguka.

Jirani wa kwanza ni *Alfu Lela Ulela*, zile hekaya za usiku elfu na moja. Karibu na mwisho wake ipo ngano ya Abdullah bin Fadil, gavana wa Basra. Khalifa Harun al-Rashid anaona kodi ya Basra imechelewa, anatuma mtu. Mjumbe anamkuta gavana akiwachapa mbwa wawili usiku na kulia. Mbwa hao ni nduguze, Nasir na Mansur. Abdullah aliwahi kumwokoa nyoka mweupe aliyekuwa akifukuzwa na joka jeusi, na nyoka yule alikuwa binti wa mfalme wa majini. Nduguze walipomtupa baharini kwa husuda, binti yule alimnusuru, akawageuza mbwa, na kumwamuru awachape kila usiku.

Msomaji wa Shaaban Robert anashtuka. Ni hadithi ileile! Mfalme Rai amekaa mahali pa Harun al-Rashid, Basra imekuwa Janibu, Huria ndiye binti wa majini. Hata mji ambao watu wake wamegeuka mawe umo. Wahakiki waliligundua hilo zamani, na wapo waliolitumia kumpunguzia mwandishi hadhi. Haraka hiyo haina msingi. Shakespeare naye karibu kila tamthilia aliichota kwenye kisima cha mwingine, na hakuna anayemdai. Swali zuri ni alibadilisha nini.

Kwanza, alifuta ramani. Basra na Baghdadi ni miji ya kweli. Janibu na Ughaibu huwezi kuiona popote. Alifanya vivyo hivyo mwaka mmoja kabla katika *Kusadikika*, nchi inayoelea angani, na watu wengi wamesoma humo lawama kwa utawala wa kikoloni iliyofichwa ndani ya njozi. Pili, mbwa wamekuwa manyani. Mwandishi hakuacha maelezo ya jambo hilo, lakini msomaji wa pwani anaweza kukisia: katika nyumba ya Kiislamu, mbwa kumketisha karibu na sahani ni mtihani, ilhali nyani anaweza kuvishwa, kuketishwa na kulishwa. Tena nyani ana vidole na uso unaotisha kwa kufanana na wetu. Anapolia, anayemchapa anaona jambo ambalo machozi ya mbwa yasingemwonyesha.

Badiliko la tatu ndilo zito. Katika *Alfu Lela Ulela*, nduguze Abdullah wanarudishiwa umbo la kibinadamu, wanasamehewa, wanatunzwa, kisha wanarudia uovu ule ule. Wanamkaba ndugu yao usingizini na kumtupa mtoni. Anaokoka kwa ajabu, na wao wanaishia kusulubiwa mlangoni pa nyumba. Msimulizi wa kale hakuamini kwamba husuda inatibika. Shaaban Robert aliikata sehemu hiyo yote. Kwake hadithi inakoma kwenye toba na upatanisho. Hasidi na Mwivu wanarudi kuwa watu, na wanabaki kuwa watu.

Mwalimu anayesoma ngano zote mbili pamoja na wanafunzi wake hahitaji swali la dhamira. Anahitaji kuuliza tu: yupi kati ya wasimulizi hawa wawili anawajua ndugu vizuri zaidi? Darasa litagawanyika, na kelele zake zitasikika nje. Mkuki na Nyota walichapisha tafsiri ya Kiswahili ya hekaya hizo iliyofanywa na Hassan Adam, na ile ya zamani ya Edwin Brenn, iliyopitiwa na Frederick Johnson, ilisomwa sana enzi za ukoloni.

Jirani wa pili ni *Maisha Yangu*, wasifu ambao Shaaban Robert aliuandika mwenyewe na ambao baadaye uliunganishwa na *Baada ya Miaka Hamsini*. Humo tunakutana na karani. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa katika idara ya forodha na kufanya kazi huko mpaka 1944, sehemu kubwa Pangani. Baadaye alihamia idara ya mifugo Mpwapwa, akarudi Tanga katika ofisi ya serikali, na kuanzia 1952 akawa katika idara ya upimaji mpaka alipostaafu.

Miaka kumi na minane ya forodha! Msomaji akishalijua hilo, mwanzo wa *Adili na Nduguze* unabadilika. Ni kweli kodi iliyochelewa ilikuwamo kwenye ngano ya kale. Lakini mtu aliyeiokota ni karani aliyeshinda mezani na madaftari ya ushuru, akijua maana ya hesabu isiyofika makao makuu kwa wakati, na akijua pia kwamba nyuma ya hesabu iliyochelewa mara nyingi kuna nyumba yenye siri. Ikibali ni mkaguzi. Anakuja kwa ajili ya fedha, anaondoka na habari ya machozi. Watumishi wa serikali wa zama zote, pamoja na wale wa ofisi za Sumbawanga leo, wanaweza kutabasamu kidogo hapo.

Katika wasifu huo zimo pia tenzi mbili za wosia kwa watoto wake. Aliomwandikia bintiye Mwanjaa unaitwa *Hati*. Ule wa mwanawe wa kiume unaitwa *Adili*. Jina la gavana wa Janibu, basi, lilikuwa limeshakaa nyumbani kwa mwandishi, juu ya karatasi aliyomwachia mtoto wake. Jina ambalo shule inalichukulia kama mahubiri kwa watoto wote lilikuwa kwanza mazungumzo ya baba na mtoto mmoja. Mtu akishalijua hilo, yale mahubiri hayamchoshi tena kama mwanzo. Yanachosha kidogo, hata hivyo. Adili ni mwema kupita kiasi, na mtoto mwerevu atawahurumia manyani kabla hajampenda yeye.

Na hapo pana jambo ambalo wachambuzi hulipita haraka. Adili anachapa kwa sababu ameamriwa. Huria, aliyemwokoa, ndiye mwenye amri, na asipotii ataadhibiwa yeye. Kila usiku mtu mwadilifu anafanya ukatili kwa kutii. Kijana aliyesoma katika shule ya fimbo, akiwa amesikia mara nyingi kwamba anachapwa kwa sababu anapendwa, ana mengi ya kusema juu ya chumba kile kuliko mtu yeyote. Ajabu ni kwamba hadithi yenyewe iko upande wake: mjeledi haujawahi kumtengeneza Hasidi wala Mwivu. Kinachovunja duara ni mfalme anayesikiliza kisa chote, kisha anaingilia kati.

Sasa turudi Ufipa, maana msomaji wa Majengo hana sababu ya kuamini kwamba ngano zote zilishuka na jahazi kutoka Arabuni.

Mwaka 1962, mwaka uleule aliofariki Shaaban Robert, mwanaanthropolojia wa Uingereza aitwaye Roy Willis alifika Ufipa kuanza utafiti. Alikaa na watu, akajifunza lugha yao, akakusanya simulizi. Mwaka 1978 Oxford ilimchapishia kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa, *There Was a Certain Man*, na mwaka 1981 akatoa *A State in the Making*, historia ya dola ya Ufipa kabla ya ukoloni. Ni vitabu vya Kiingereza na bei yake si ya mfuko wa mwanafunzi, lakini yaliyomo yalitoka vinywani mwa wazee wa nyanda hizi, na wajukuu wao wapo Majengo.

Masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa yanaanzia Milansi, kijiji kinachohesabiwa kuwa cha kale kuliko vyote, ambacho mwanzilishi wake alishuka kutoka mbinguni. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa mawindoni. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, wa ukoo wa Watwa, na aliporudi alikuta nchi imemponyoka. Lakini hakuuawa, wala hakufukuzwa. Alibakia na kijiji chake na heshima ya kikuhani, na wafalme wa Watwa waliendelea kumhitaji. Baadaye ukoo huo wa Watwa wenyewe ukagombana juu ya kiti, na Ufipa ikagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Jina la Nkansi bado limo katika wilaya ya Nkasi.

Mtoto aliyesikia kisa hiki anajua tayari kwamba jamaa hugombana, kwamba mgeni anaweza kuwa mwenyeji, na kwamba aliyeshindwa anaweza kuachiwa heshima yake. Hasidi na Mwivu hawatakuwa wageni kwake. Wala yule kiumbe dhaifu ambaye Adili anamwokoa, na ambaye kumbe ni Huria wa majini, hatamshangaza sana. Willis aliandika kwamba katika imani za zamani za Ufipa chatu alikuwa umbo la mizimu ya nchi, na aliyemkuta hakumpiga, alimheshimu. Mmoja wa mizimu hiyo, Katavi, jina lake limekuwa la hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2012 la mkoa uliomegwa kutoka Rukwa. Watu wengi hulitamka jina hilo kila siku.

Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na kazi moja: waombe wazee kisa cha ndugu waliooneana wivu. Wasiandike dhamira. Waandike nani alisamehewa, na kwa gharama gani. Kwa kuwa Majengo, kama mitaa mingi ya mjini, imekusanya watu wa makabila tofauti, daftari zitakazorudi hazitakuwa na mwisho mmoja, na darasa litakuwa na mkusanyo wake lenyewe wa kuweka kando ya kitabu cha mwaka 1952.

Jirani aliyebaki ndiye anayegusa zaidi. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha *Barua za Shaaban Robert 1931–1958*, zilizohaririwa na Mugyabuso Mulokozi. Ni barua alizomwandikia Yusuf Ulenge, mdogo wake wa mama mmoja. Barua ya kwanza katika mkusanyo iliandikwa mwandishi akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, karani kijana asiyejulikana. Za mwisho ni za mtu ambaye jina lake limeshaenea kila palipo na shule ya Kiswahili. Humo kuna mambo ya ukoo, ya kazi, ya vitabu na ya wachapishaji. Si barua za maonyesho. Ni za kaka anayetaka mdogo wake ajue mambo yanavyokwenda.

Hebu fikiri. Mtu aliyeandika hadithi maarufu kuliko zote za Kiswahili juu ya ndugu wasaliti alikuwa, katika miaka ileile, na ndugu aliyemwamini kiasi cha kumwandikia kwa zaidi ya robo karne. Nasir na Mansur alioachiwa na *Alfu Lela Ulela* walistahili msalaba. Hasidi na Mwivu wa kwake waliishia kukumbatiwa. Hakuna barua inayosema kwamba hili lilitokana na lile, na anayetafuta uhusiano wa moja kwa moja kati ya maisha na hadithi huishia kubuni. Lakini mwandishi anapochagua mwisho wa hadithi huchagua kwa kile anachokijua, na Shaaban Robert alikijua kitu kimoja juu ya ndugu wa tumbo moja ambacho msimulizi wa Baghdadi hakukijali.

Yusuf alizitunza karatasi hizo. Katika nchi ambayo mchwa, mvua na kuhama nyumba humaliza nyaraka nyingi za familia, hilo peke yake ni kazi ya fasihi. Na hakuwa mtunzaji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu wakati uleule *Adili na Nduguze* kilipotoka, Yusuf Ulenge naye alichapisha kitabu cha hadithi, *Nguzo ya Maji na Hadithi Nyingine*. Cha kaka yake kimechapwa tena na tena. Hiki cha mdogo ni cha kutafutwa kwenye maktaba za vyuo, na si rahisi kukutana nacho. Mkusanyo wa mwaka 2002 nao ni sauti ya upande mmoja, ya Shaaban akimwandikia Yusuf. Msomaji anayetaka kumsikia mdogo mtu akisimulia kwa kinywa chake hana budi aanze na kitabu hicho.